Wifi anasema wilaya yetu ya shule ina C. Tuhame?

Mwalimu, shikamoo.

Naandika nikiwa nimechoka na mjadala usiokwisha nyumbani kwangu. Tumetokea Morogoro, tuko Houston, Texas, mwaka wa saba sasa. Mimi nahudumia wazee kwenye kituo chao, zamu ya usiku. Mume wangu anaendesha lori, safari zake ni za humu humu Texas na Louisiana, kwa hiyo siku nyingi analala nyumbani. Tumepanga apatimenti ya vyumba viwili kwa dola 1,350 kwa mwezi.

Watoto ni watatu. Binti yuko darasa la 10. Wa pili, wa kiume, yuko la 4. Kitinda mimba atatimiza miaka minne mwezi wa saba.

Maneno yalianza siku ya Idi tulipokwenda kula kwa wifi yangu. Yeye na mumewe wamenunua nyumba upande mwingine wa mji, na wilaya ya shule ya huko serikali ya jimbo imeipa A. Yetu ina C. Wifi akatoa simu mbele ya wageni, akaonyesha kwamba shule ya mwanangu wa pili ina 4 kati ya 10, ya kwao ina 9. Akasema, "Wifi, mmevuka bahari yote ile mje kusomesha watoto kwenye shule ya nne?" Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka, na tangu siku hiyo wimbo wake ni kuhama tu.

Nyumba aliyoiona huko ni ya kupanga, dola 2,300. Ili tuimudu itabidi achukue safari ndefu: wiki tatu barabarani, siku chache nyumbani. Mimi zamu ya usiku siwezi kuiacha. Nikiuliza nani atalala na watoto, anasema binti ameshakuwa mkubwa.

Binti mwenyewe analia. Shuleni kwake ni wa 19 kati ya wanafunzi 640 wa mwaka wake, na yuko kwenye bendi, anapuliza klarineti. Wifi naye ameleta njia ya tatu: tubaki tulipo, ila watoto tuwaandikishe kwa anwani yake. Anasema wengi wanafanya hivyo na hakuna anayeuliza.

La mwisho linanisumbua peke yangu. Nilipomwandikisha huyu wa pili niliandika kwamba nyumbani tunaongea Kiingereza. Si kweli, tunaongea Kiswahili, ila niliambiwa ukiandika lugha nyingine mtoto anatupwa darasa la wasiojua kitu. Sasa kusoma kunampa shida. Mwalimu wake anasema bado yuko nyuma kidogo, lakini mwaka huu amepanda sana. Je, ni hiyo C inayomrudisha nyuma?

Mama wa Watatu, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la anwani, maana ndilo linaloweza kuwaumiza upesi. Msifanye. Texas ukijaza fomu ya kuandikisha mtoto kwa uongo, na unajua ni uongo, wilaya inaweza kukudai gharama ya masomo ya mtoto ambaye hakuwa na haki ya kukaa pale, na kuwasilisha hati ya kughushi ni kosa la jinai. Mtu anayetarajia siku moja kujaza maombi ya uraia asiache karatasi ya namna hiyo nyuma yake. Njia halali ipo: wilaya nyingi hupokea watoto wa nje kwa maombi pale zinapokuwa na nafasi, na zina haki ya kukataa. Unaomba, unasubiri jibu.

Sasa hiyo C. Herufi hizi hutolewa na TEA, idara ya elimu ya jimbo, kwa utaratibu uliopitishwa na bunge la Texas mwaka 2017. Ndani ya herufi moja mna vipimo vitatu. Cha kwanza ni matokeo: wangapi wamefanya vizuri kwenye STAAR, mtihani wa jimbo wa kila mwaka, na, kwa sekondari, wangapi wamehitimu wakiwa tayari kwa chuo, kazi au jeshi. Cha pili ni maendeleo: mtoto alikuwa wapi mwaka jana na yuko wapi sasa, au shule imefanyaje ikiwekwa pembeni ya zile zenye watoto wengi wa kipato kidogo kama yenyewe. Cha tatu huangalia kama makundi fulani, wakiwamo wanaojifunza Kiingereza na wenye mahitaji maalumu, yanaachwa nyuma. Kisha kati ya matokeo na maendeleo huchukuliwa kile kilichotoka vizuri zaidi, hicho kinabeba asilimia 70 ya alama, na kipimo cha makundi kinabeba 30.

Kwa hiyo shule mbili zinaweza kuwa na B zinazofanana kwa macho, moja kwa sababu watoto wake wameingia wakiwa wanajua, nyingine kwa sababu inawainua. Herufi haikwambii ni ipi. Na matokeo ya mtihani, Marekani nzima, hufuata mfuko wa mzazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na Sean Reardon wamekusanya alama za watoto wa darasa la 3 hadi la 8 kutoka wilaya za nchi nzima. Walikuta wastani wa alama unakwenda bega kwa bega na hali ya uchumi ya familia, ilhali kiasi ambacho mtoto anajifunza mwaka hadi mwaka kinahusiana kidogo tu na hali hiyo. Ukipanga wilaya kwa wastani wa alama unamsifu mpishi kwa shibe ya wageni waliokuja wameshakula.

Sisi wa Tanzania tusijifanye hili ni geni. Tulikuwa tunasubiri kwa hamu orodha ya shule kumi bora za kidato cha nne, na nyingi zilikuwa zimewachuja watoto kwa mtihani wa kuingia kabla ya kuwafundisha chochote. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza orodha hiyo mwaka 2023, na wapo wanaoinung'unikia hadi leo.

Zile 4 na 9 za wifi yako hata si za serikali. Alama za 1 mpaka 10 ni za GreatSchools, shirika binafsi, na zinajitokeza kwenye tovuti za nyumba kama Zillow, pembeni ya bei. Anayeuza nyumba anapenda sana uzione.

Na hata herufi ya serikali, uliza ni ya mwaka gani. Mwaka 2020 na 2021 haikutolewa kwa sababu ya korona. Halafu TEA ikabadilisha mizani: zamani sekondari ilipata A kwenye kipengele cha utayari wa wahitimu ikiwa asilimia 60 wako tayari, kikapandishwa hadi 88. Wilaya zaidi ya 100 zikaenda mahakamani. Herufi za 2023 zikatoka Aprili 2025, na za 2024 zikatolewa pamoja na za 2025 mwezi wa nane mwaka huo. Shule ingeweza kushuka bila mtoto hata mmoja kusoma vibaya zaidi ya kaka yake. Nao STAAR wenyewe unaondoka: bunge limepitisha sheria ya kuubadilisha kwa mitihani mitatu mifupi kuanzia mwaka wa masomo wa 2027 hadi 2028. Mizani itahama tena.

Kosa kubwa zaidi la mazungumzo ya siku ile ya Idi ni kuzungumzia wilaya, wakati mtoto anasoma shuleni. Angalia Houston ISD, wilaya kubwa kuliko zote Texas, yenye shule zaidi ya 250. Juni 2023 serikali ya jimbo iliiondoa bodi iliyochaguliwa na wananchi, ikaweka watu wake na mkuu mpya, Mike Miles. Kilichofungua mlango huo kisheria ni sekondari moja, Wheatley, iliyokuwa inafeli mwaka hadi mwaka; sheria ya 2015 inampa kamishna wa elimu uwezo wa kuichukua wilaya nzima shule moja ikifeli miaka mitano mfululizo. Oktoba 2025 likatangazwa hilohilo kwa Fort Worth, nako ni kwa sababu ya shule moja. Wilaya zote mbili zina shule ambazo wazazi wanagombania nafasi. Herufi ya wilaya ingekusaidia nini hapo?

Tena kabla mumeo hajaweka sahihi kwenye mkataba wa pango, achukue anwani kamili ya nyumba ile, namba na mtaa, aiweke kwenye ukurasa wa kutafuta shule wa wilaya yenyewe. Huko Houston mipaka ya wilaya haifuati mipaka ya mji wala ya posta. Zipo nyumba ambazo barua zake zinaandikwa Katy, lakini watoto wanasoma wilaya ya Cypress-Fairbanks. Zipo zinazoandikwa Houston na watoto wanasoma wilaya ya Katy. Mtu anaweza kulipa bei ya wilaya moja akapangiwa nyingine, au akapangiwa shule dhaifu kuliko zote ndani ya wilaya yenye A.

Najua mumeo atasema wilaya za wenye nazo zina pesa zaidi. Zamani angekuwa amemaliza mjadala. San Antonio, ndani ya kaunti moja, wilaya ya Edgewood ilikuwa na mali ya kutozwa kodi yenye thamani ya dola 38,854 kwa kila mwanafunzi, na Alamo Heights dola 570,109. Kesi ya Edgewood ilifika Mahakama Kuu ya Texas, na mwaka 1989 mfumo ule ukatupwa kuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Tangu 1993 sehemu ya kodi ya majengo ya wilaya tajiri huchukuliwa na kugawiwa nyingine. Watu wanaiita Robin Hood, yule wa hadithi aliyewanyang'anya matajiri akawagawia maskini, kwa mapenzi au kwa matusi, kutegemea wanaishi upande gani. Tofauti haijaisha, ila pengo la pesa zinazofika shuleni limepungua sana.

Mimi ningetazama walimu kuliko pesa. TEA hutoa kila mwaka ripoti inayoitwa TAPR. Ndani yake kuna miaka ya uzoefu ya walimu wa shule, na kiasi cha walimu wanaoiacha wilaya kila mwaka. Chukua shule hizo mbili za msingi, ya kwenu na ile ambayo nyumba mpya imepangiwa, uziweke pamoja. Kisha fungua txschools.gov, tafuta shule zenyewe, ruka herufi kubwa ya juu, shuka hadi kipimo cha maendeleo. Hayo mawili ni kazi ya nusu saa, na nitashangaa kama wifi yako amewahi kuifanya kwa shule ya watoto wake mwenyewe.

Halafu nenda ukaone. Fika asubuhi watoto wanapoingia. Uliza ofisini darasa la 4 limebadilishiwa walimu mara ngapi mwaka huu, na kama kuna darasa linaloshikiliwa na mwalimu wa muda tangu Agosti. Tazama anayekupokea mezani anavyomjibu mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha kutafuta maneno. Nimefundisha miaka mingi, na pale mezani nimejifunza mengi kuhusu shule kuliko kwenye ofisi ya mkuu.

Sasa binti, ambaye kwangu ndiye anayeamua jambo hili.

Texas ina sheria ya mwaka 1997 inayosema mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya wahitimu wa shule yake anapokelewa moja kwa moja na vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Ya shule yake, si ya jimbo. Chuo kikuu cha Texas kilichopo Austin, kwa sababu ya wingi wa waombaji, kinaruhusiwa kubana zaidi. Kwa wanaoingia Agosti 2026 kimetaka asilimia 5 ya juu. Katika wanafunzi 640, asilimia 5 ni 32. Binti yako ni wa 19. Mlango ambao wazazi wengi wa wilaya za A hawalali kwa kuutafuta, yeye anausukuma sasa hivi, akiwa kwenye wilaya ya C.

Akihama, alama zake zitakwenda naye, ila nafasi yake itahesabiwa upya miongoni mwa watoto wa huko, na kila wilaya ina kanuni zake za kuongeza pointi kwa masomo ya juu. Kinachotumika kwenye maombi ya chuo ni nafasi ya mwisho wa darasa la 11 au ya darasa la 12. Mtamhamisha wakati mbaya kuliko wote. Hakikisheni tu yuko kwenye mpango wa masomo wanaouita distinguished, ambao unadai Aljebra ya pili, kwa sababu bila huo nafasi peke yake haitoshi. Mshauri wa shule atakwambia kwa dakika tano. Na mjue kwamba tangu 2025 vyuo vya mfumo wa University of Texas havimtozi ada mwanafunzi wa shahada ya kwanza mkazi wa Texas ambaye familia yake haizidi dola 100,000 za kipato kwa mwaka, mradi anasoma muda wote na ameomba msaada wa fedha.

Mpigie mumeo hesabu hii: tofauti ya pango ni dola 950 kwa mwezi, 11,400 kwa mwaka. Mnazilipa ili binti ashuke kutoka nafasi aliyo nayo, na usiku awe mama wa wadogo zake wakati wewe uko kazini na baba yuko Nebraska. Simlaumu mumeo. Mwanamume akichekwa mbele ya wageni kuhusu watoto wake, atataka kufanya jambo kubwa. Lakini baba anayelala nyumbani siku nyingi za wiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote watoto wenu walivyo navyo, na hakuna TEA wala tovuti inayokipa alama. Jibu langu ni mbaki mpaka binti amalize. Baada ya hapo, kama ripoti zitaonyesha shule ya huko inawasogeza watoto kuliko ya hapo, hameni kwa ajili ya wadogo, bila haraka na bila safari za wiki tatu.

Kijana wa darasa la 4: hujui bado kama shule inamrudisha nyuma, na maneno ya mwalimu wake yanasema kinyume. Yuko nyuma, anapanda. Huko kupanda ndiko nilikokuwa nakuhangaikia aya zote hizi. Ulipoandika Kiingereza kwenye fomu, hakupimwa Kiingereza chake, na huenda alikosa msaada aliostahili. Darasa la ESL, yaani la wanaojifunza Kiingereza, si la wasiojua kitu. Mtoto hupimwa kwanza, mzazi hutoa ridhaa, na anaweza kukataa. Kuirekebisha fomu hiyo kunaruhusiwa ndani ya wiki mbili tu tangu kuandikishwa, kwa hiyo usiitegemee. Badala yake mwombe mwalimu mkutano, mwambie wazi kwamba nyumbani ni Kiswahili, na uliza kuhusu matokeo yake ya STAAR ya darasa la 3. Kama hakufikia kiwango, sheria inaitaka shule impe masomo ya ziada kwenye kikundi kidogo. Ulizeni saa na siku, msikubali "tutaangalia". Na nyumbani msikiache Kiswahili. Mtoto anayesimuliwa na kusomewa kwa lugha anayoielewa vizuri haibiwi Kiingereza chake.

Kitinda mimba ana bahati ya tarehe. Atakayekuwa ametimiza miaka minne kufikia tarehe 1 Septemba anaweza kupata chekechea ya serikali, ile wanayoiita pre-K, ya kutwa nzima na bila malipo, kama familia ni ya kipato kidogo au kama mtoto akipimwa anaonekana haongei wala haelewi Kiingereza. Sababu moja inatosha. Kwenye fomu yake andika Kiswahili. Piga simu shule ya msingi ya karibu mwezi wa tatu au wa nne uulize uandikishaji unafunguliwa lini, na uwe na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, bili yenye anwani yenu na hati za mshahara za wote wawili.